Ukuta wa Sebule ya Leokadia

Fundi Bukuru amepooza upande mzima wa kulia. Mwezi uliopita mkewe alinipigia simu akasema, "Skola, njoo umwone mapema, usingoje kuitwa kuja kumzika." Nikafunga kazi, nikapanda bodaboda mpaka kwao Murubona, hapa hapa Kasulu. Nilimkuta ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, taulo kifuani, mkewe anamlisha uji kwa kijiko cha chai. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani, vidole vimejikunja. Nilishindwa kuuondolea macho. Mkono huo ndio ulionifundisha kazi inayonilisha mpaka leo, na ndio ulionivunja jino. Njiani nilikuwa nimejiandaa ama kumhurumia ama kumcheka kimoyomoyo. Nilipofika sikuweza hata moja. Nilikaa kwenye ngazi, nikapewa kahawa, nikamsikiliza akihangaika kutoa maneno kwa upande mmoja wa mdomo. Aliuliza kama bado napaka rangi. Nikamwambia ndiyo, nina mafundi wangu sasa. Akauliza jambo jingine nisilielewe, mkewe akanifafanulia: "Anaulizia ule ukuta wa Kibondo." Nikasema upo, haujabanduka hata kidogo. Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu za mwanawe aliye mbali. Basi. Hakuniuliza kuhusu jino, na mimi sikumkumbusha.

Mwaka wa ukuta ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Namna nilivyofika mikononi mwa Bukuru ni ndefu na haina utamu, niiache. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya soko la Kasulu, chumba cha matofali mabichi kilichopakwa chokaa iliyokuwa ikiniangukia kitandani kama unga. Upande wa pili wa ukuta aliishi fundi viatu na mkewe. Karibu kila Jumamosi alimpiga, na mimi nililala nikisikiliza kiti kikianguka, sufuria ikianguka, kisha sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiha, tena kwa upole kabisa, "Umenimaliza, basi pumzika." Jumapili asubuhi nilisikia wanakaanga maandazi pamoja. Nilizoea. Nilidhani kupigwa ni sehemu ya mji, kama vumbi jekundu la kiangazi. Ndiyo maana Bukuru aliponipiga mara ya kwanza sikuondoka.

Tulikuwa tunapaka nyumba ya mwalimu mmoja karibu na chuo. Ukuta ulikuwa na chokaa ya zamani, mimi nikaona umekaa vizuri tu, nikaanza kupitisha rola. Bukuru alikuja, akaweka ukucha kwenye rangi yangu, akavuta. Likatoka ganda pana kama jani la mgomba, rangi upande huu, chokaa upande ule. Akaniuliza, "Nani kafanya hivi?" Nikasema mimi. Kofi lilinikuta na brashi ikiwa bado kiganjani mwake. Mpini wa brashi ndio ulionivunja jino. Nilianguka juu ya ndoo. Alingoja niinuke, nikiwa natema damu kwenye turubai, akaanza kunifundisha kwa sauti ya kawaida, kama kwamba tulikuwa tunazungumza tangu asubuhi. "Rangi haina nguvu yake yenyewe. Inashika kilicho chini yake. Chokaa ikibanduka, nayo inabanduka. Kwangua mpaka ufike kwenye lipu. Ukifika kwenye lipu, osha. Ukishaosha, subiri." Mchana alikata chapati yake katikati akanipa nusu, na alipoona siwezi kutafuna akailoweka kwenye chai yangu. Mambo hayo mawili aliyafanya kwa mkono mmoja, na kwa miaka mingi nilikuwa nikijiuliza lipi nilihesabu na lipi nilisahau.

Leokadia alitufuata Kasulu mvua za vuli zilipokuwa zimeanza. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, amejifunga kitenge cha kijani, anazungumza akitazama mikono ya mtu badala ya uso. Alisema ana nyumba nje kidogo ya mji wa Kibondo, anataka sebule iandaliwe na kupakwa rangi vizuri. Bukuru akamuuliza kwa nini asichukue fundi wa huko huko Kibondo. Akajibu, "Wanafika mlangoni, wanarudi." Hakusema zaidi. Bukuru alipenda kazi ambazo wenzake wamezikimbia. Tulipakia vifaa kwenye basi, na karibu na kona za barabara ambako zamani majambazi walikuwa wakisimamisha magari, abiria wote wakanyamaza, nikaona Leokadia ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

Ile sebule naiona mpaka leo. Mlango wa mbele ulikuwa mpya, wa mbao mbichi, umeshindiliwa misumari kwa nje, tukaing'oa. Ndani dari haikuwepo, ulikuwa unaona mabati yaliyopinda kwa moto. Masizi yalipanda kuta zote, meusi ya kung'aa, na chini ya dirisha lipu ilikuwa na doa la rangi ya kutu ambalo lilishuka mpaka sakafuni. Kwenye ukuta huo huo kulikuwa na mikato mirefu, mingine imeingia mpaka kwenye tofali. Niliingiza kidole kwenye mmoja, nikauliza ni kitu gani hiki, na kabla ya Leokadia kujibu nikajua. Panga likimkosa mtu hukata kilicho nyuma yake.

Alitusimulia jioni ile, tukiwa jikoni, nyumba ndogo ya nje yenye mafiga matatu, akiwa anamenya muhogo. Mumewe aliitwa Filipo, alikuwa akinunua maharage vijijini na kuyapeleka mnadani. Mwaka uliotangulia majambazi walivamia basi, wakampiga risasi kijana wa pale pale mtaani. Watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakasema Filipo analaza wageni nyumbani kwake, Filipo anajua basi gani lina watu wenye mali. Wageni wale walikuwa wapagazi wake wa magunia. Asubuhi moja Leokadia alitoka kwenda kuuza ndizi soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, ambayo ilikuwa imefunguliwa tena na imejaa watu. Aliporudi alikuta moshi. "Sikuona lolote," alisema. "Nilikuta nyumba inafuka, na watu wamesimama mbali mbali, kila mmoja ana jembe lake kama aliyetoka kulima. Niliwauliza, mume wangu yuko wapi? Hakuna aliyenijibu. Mwana wanje, mwanangu, walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa." Filipo alizikwa na polisi na katekista mmoja. Hakuna aliyekuja kukaa matanga. Mwizi haliliwi, walisema, na mkewe akilia naye ni mwizi. Hivyo hakulia. Watu kadhaa walichukuliwa wakahojiwa, lakini hakupatikana hata mmoja wa kusema aliona nani, wakarudi nyumbani. Miezi michache baadaye majambazi wenyewe walikamatwa, na jina la Filipo halikutajwa popote. Hapo pia hakuna aliyekuja.

Bukuru alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Masizi yanatoka. Lile doa halitoki. Lipu ya ukuta ule nitaiangusha yote."

Kazi ilianza kwa kukwangua. Tulifunga vitambaa puani, tukakwangua masizi kwa skrepa kuanzia juu kushuka chini, tukaosha kwa maji na sabuni ya unga, maji yakashuka meusi, tukaosha tena, na tena. Masizi yana ujeuri wake: ukiyapaka rangi ya maji juu yanapenya, kesho unayaona yamerudi ya kahawia. Maji tulichota kwa jirani wa mbele, Mama Sabina, mama mnene mwenye bomba uani. Kila nilipobisha alifungua geti, akanijazia ndoo mwenyewe, akafunga bila neno. Hakuitika hata salamu. Nikimwambia "Mwakeye, mama," anatazama ndoo. Nilimwambia Leokadia kwamba jirani yake ana roho nzuri ila ni bubu. Leokadia alikuwa anakoroga isombe, kisamvu cha kwetu, kwenye mafuta ya mawese. Akasema bila kugeuka, "Siku ile kuna mtu alileta dumu la mafuta ya taa. Wasichana wa bombani walinong'ona nikasikia." Nikauliza nani. "Huyo huyo anayekujazia maji." Kesho yake niliposimama tena getini kwa Mama Sabina nilishindwa kuinua ndoo, naye akaishika mpini upande mmoja, tukaivusha barabara pamoja mpaka kizingitini kwa Leokadia. Pale aliachia mpini kana kwamba umemuunguza, akarudi kwake mbio.

Ukuta wa dirishani Bukuru aliubomoa kwa nyundo na patasi. Alifanya kazi ile kwa hasira, mbao za jukwaa zikimtetemekea miguuni, vipande vikiruka mpaka uani. Tukaubeba ule uchafu wote kwenye karai, tukaufukia nyuma ya choo. Leokadia alitaka iwe hivyo, usitupwe barabarani ukakanyagwa. Kisha akapiga lipu mpya. Lipu mpya inataka kungojwa ikauke mpaka ndani kabisa, na mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Mimi nilichoka kungoja. Siku moja Bukuru alipokwenda mjini kutafuta msasa, niligusa ukuta nikauona mkavu, nikaanza kuupiga skimu, ile plasta nyembamba ya kulainishia. Aliporudi hakuuliza nani. Alichukua ubao wa kunyooshea lipu akanipiga nao mgongoni, nikaanguka kifudifudi, akanipiga tena miguuni. Nilisikia hatua, kisha sauti ya Leokadia, ya chini:

"Fundi. Ndani ya nyumba hii hapigwi mtu."

"Kaharibu kazi yako, mama."

"Nimesema hapigwi mtu."

Bukuru alimtazama, akapumua, akanishika shingo ya shati. "Basi nitampigia nje," akasema, akaniburuta mpaka uani, akamalizia huko, mvua ikitunyeshea wote wawili. Mama Sabina alikuwa amesimama getini kwake anatazama. Usiku Leokadia alinikanda mgongo kwa maji ya chumvi. Alisema, "Ondoka, mwanangu." Nikamwambia ukuta ukishaisha. Sikujua kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka kuona mwisho wa kitu kimoja.

Shemeji yake Leokadia aliitwa Gervasi. Alikuwa mdogo wake Filipo, mwanamume mrefu mwenye shati safi siku zote, na alikuja mara ya kwanza tulipokuwa tunaziba nyufa. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia. "Shemeji," alisema, "unapamba nyumba ya nani? Hii ni nyumba ya kaka yangu. Huna mtoto humu. Kaka amekufa, nyumba imerudi kwetu." Leokadia akamjibu, "Kaka yako alipokuwa anakatwa humu ulikuwa wapi? Hukuikumbuka nyumba siku ile?" Gervasi alitabasamu. "Mwizi hana ndugu, shemeji. Lakini nyumba ina ndugu." Aliondoka. Tangu siku ile, giza likianza kuingia, mawe yalianza kuanguka juu ya bati. Leokadia aliendelea kupepeta mchele kila jiwe lilipoanguka. Bega lake tu ndilo lililokuwa likishtuka.

Lipu ilikauka. Safari hii Bukuru mwenyewe alitamka, "Sasa," tukaupiga ukuta skimu mara mbili, tukaupiga msasa mzito kisha mwembamba mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Tulibaki na praima ya mafuta tu, ile ya kuzuia masizi yaliyobaki yasipenye, halafu rangi. Bukuru aliwasha tochi mchana kweupe, akailaza kando ya ukuta ili mwanga upite juu yake na kuonyesha vibonde. Hapakuwa na kibonde. Alifurahi. Mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia akiimba, wimbo wa kanisani, tena vibaya.

Walikuja siku iliyofuata, tumetoka kula maharage na ndizi. Gervasi mbele na wanaume wawili nyuma yake niliokuwa sijawahi kuwaona, mmoja amebeba fimbo, mwingine mikono mitupu. Gervasi alikuwa na panga. Aliingia bila hodi. Leokadia alikuwa anafagia vumbi la msasa, akasimama wima na ufagio. "Toka," Gervasi akamwambia. "Chukua vyombo vyako, utoke. Leo sizungumzi." Leokadia hakusogea. Yule wa fimbo akamsukuma, akaanguka juu ya ndoo, na mimi bila kufikiri nikainua karai lililokuwa na skimu iliyoganda nikampiga nalo usoni. Alinirudishia kwa fimbo kwenye bega. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Bukuru muda wote huo alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono imening'inia, kana kwamba hayamhusu. Hata nilipoita jina lake hakusogea. Na Gervasi, labda kwa kuonyesha kwamba nyumba ni yake, akageuka akaupiga ukuta panga. Mara moja, kwa nguvu, kutoka juu mpaka katikati, kwenye ule ule ukuta mpya.

Bukuru alimrukia. Sijaona tena mtu akipigana namna ile na sitaki kuona. Alimshika mkono wa panga akaubamiza kwenye ukingo wa dirisha mpaka panga likaanguka na vidole vikavunjika, nilivisikia vikikatika kama kuni kavu. Alimwangusha. Akakaa juu yake. Akawa anampiga uso kwa ngumi, kisha kwa kipande cha tofali, na kila pigo alikuwa anasema neno moja, "Ukuta. Wangu. Ukuta. Wangu." Wale wawili walimtazama kidogo, wakakimbia. Damu iliruka kwenye skimu nyeupe. Uso wa Gervasi ulikuwa hauna tena umbo, na mkono wa Bukuru ulipanda tena na tofali, na mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeujua mkono ule kwa mgongo wangu, kwamba hautasimama.

Leokadia ndiye aliyeusimamisha. Alitambaa kutoka kwenye ndoo, akajilaza juu ya Gervasi, uso wake juu ya uso wa yule mtu aliyekuja kumfukuza, akamkumbatia kichwa. Tofali lilimpata kisogoni kwa pembe. Bukuru akaganda.

"Humu ndani nimeshasafisha damu mara moja," Leokadia alisema, akihema. "Sisafishi tena maiti. Oya, hapana. Ukimuua, utaniua na mimi kwanza."

Bukuru alidondosha tofali. Alisimama, akaenda ukutani, akapitisha kidole kwenye ule mkato wa panga, akaanza kulia. Alilia kwa ajili ya ukuta. Nilikaa sakafuni nimeshika bega langu, nikamuuliza kwa nini hakutusaidia mwanzo, wakati Leokadia anasukumwa, wakati mimi navunjwa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nyinyi mnapona," akasema. "Ukuta huo nimeuhangaikia tangu mvua zianze." Nilikuwa nimetamani sana, katika dakika ile ndefu alipokuwa anapigana, kwamba awe anapigana kwa ajili yetu. Ningemsamehe jino. Ningemsamehe ubao. Mpaka leo watu wakinisimulia jinsi mtu fulani mkali alivyowaokoa, huwa nataka kuuliza kwanza kilichokuwa nyuma yao.

Gervasi alipona, ila taya lilibaki upande na vidole viwili havikunyooka tena. Hakushitaki, maana panga lilikuwa lake na wale wenzake walishasema yote polisi. Alihamia upande wa Buhigwe, na nyumba ile hakuisogelea tena. Bukuru aliwekwa ndani Kibondo kwa muda, akatoka. Wakati huo mimi nilikuwa nimefungwa bega, nimebaki kwa Leokadia, na mkono ulipoanza kupata nguvu tulianza tena. Tuliosha damu ya Gervasi. Ilikuwa imeingia kwenye skimu, ikabidi nikwangue eneo zima mpaka kwenye lipu, nikaufungua ule mkato wa panga kwa ncha ya skrepa ukawa mpana, nikauziba, nikaungoja, nikauziba tena kwa sababu ulinywea. Leokadia alinishikia ngazi, akajifunza kupiga msasa kwa mizunguko midogo. Tulizungumza habari za kawaida: bei ya vitenge, mapishi ya samaki mgebuka, kama ni kweli kwamba wanaume wa Kigoma mjini wanajua kupika. Wakati mwingine tulicheka hadi nikashika bega.

Bukuru alirudi tukiwa tumebakiza kona moja. Alisimama mlangoni na mfuko wake, amekonda. "Fungasha," akaniambia. "Kuna kazi Kasulu." Nikasema siendi. Akadhani hajasikia vizuri. Akaja akanishika mkono, ule wa bega lililovunjika, akavuta. Skrepa ilikuwa kwenye mkono wangu mwingine. Niliiweka shingoni mwake, chini ya sikio, pale mshipa unapodunda.

"Achia, Fundi."

"Utanikata?"

"Nitakukata."

Alinitazama machoni muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Nyuma yake Leokadia alikuwa ameshatoka jikoni na jembe, amelishika kwa mikono miwili. Bukuru aliachia. Alipangusa shingo, akaangalia kiganja kama kina damu. Kulikuwa na vumbi jeupe tu. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya ukuta wangu, akaukagua toka juu mpaka chini, akanyoosha kidole mahali fulani karibu na kona. "Hapa bado," akasema, akaondoka. Nilitamani awe amekosea. Nikalaza tochi, nikaona kibonde. Nikakipiga msasa nikilia kwa hasira.

Rangi aliichagua Leokadia mwenyewe, rangi ya maziwa yenye umanjano kidogo. Tulipaka praima, ikakauka, tukapaka rangi ya kwanza, ikakauka, na alasiri tuliyomaliza ya mwisho tulifungua mlango na madirisha yote hewa ipite. Mwanga uliingia ukakaa ndani kama mgeni anayejua njia. Watu waliokuwa wanapita barabarani walipunguza mwendo, wakachungulia, wakaendelea. Kisha geti la mbele likafunguka, na Mama Sabina akavuka barabara na chane ya ndizi kichwani. Alisimama nje ya kizingiti.

"Nimekuja kuona rangi," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Karibu ndani," Leokadia akamwambia.

Aliweka ndizi chini, akavua kandambili, akaingia. Alizunguka chumba kizima akiangalia, mikono nyuma, kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa. "Mmefanya vizuri," akasema. "Haionekani."

"Haionekani nini?"

Mama Sabina akapangusa viganja kwenye nguo yake.

"Mimi nilikuwa sokoni Nduta," Leokadia alisema. Sauti yake haikupanda. "Sikuona. Hakuna aliyewahi kuniambia. Fundi aliangusha lipu ya ukuta mzima kwa sababu hatukujua damu ilianzia wapi. Wewe ulikuwepo, Mama Sabina. Nionyeshe alipokuwa."

Nilidhani atakimbia. Alitazama mlango, akanitazama mimi. Halafu akaenda moja kwa moja chini ya dirisha, hatua kidogo upande wa kushoto, mahali ambapo hata mimi niliyepaka nisingeweza kupatambua, akachuchumaa. "Hapa," akasema. "Alikuwa amekaa hivi. Wengine walishatoka. Mimi niliingia na dumu." Akagusa sakafu kwa kiganja. "Aliniomba maji."

"Ukampa?"

"Oya," akasema, akitikisa kichwa.

Leokadia alitoka nje. Alisimama katikati ya uwanja, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, na ile sauti ambayo alikuwa ameifungia tangu siku ya moshi ikatoka. Alimlilia mumewe kwa jina, kwa Kiha, kama wanavyolia wanawake wa kwetu, akimtaja Filipo na baba yake Filipo na magunia yake na viatu vyake. Mtaa mzima ulisikia. Watu walitoka wakasimama kwenye nyua zao, wale wale, wengine na majembe. Mama Sabina alitoka ndani bila viatu, akasimama kando yake, na baada ya muda naye akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya wote. Kwa muda mrefu walikuwa wao wawili tu. Kisha mwanamke mmoja akavuka barabara na mkeka. Mwingine akaleta kuni. Mwanamume aliyekuwa akichunga mbuzi aliwafunga, akaja, akavua kofia. Si wote, milango mingine ilifungwa na haikufunguka jioni ile wala baadaye. Ila waliokuja walitosha kuwa msiba. Tuliteka maji, tukabandika sufuria kubwa ya maharage, na mvua ilipoanza wakaingia wote sebuleni. Walikaa katikati ya chumba wamebanana, magoti kwa magoti, kwa maana nilikuwa nimewaonya wasiegemee ukuta, rangi ilikuwa bado mbichi.